Kabla hujanunua friji jipya, shika waya

Mteja mmoja wa Nakuru alituletea HiAce aliyoigeuza kempa kwa mikono yake: kitanda nyuma, sinki, friji la volti 12, paneli ya sola juu ya paa. Kwenye kiti cha abiria alikuwa ameweka boksi ambalo halijafunguliwa. Friji jipya. La zamani, alisema, likiwaka dakika mbili linazima, amelichoka. "Fundi, nifungieni hili leo, kesho nataka kulala Murchison."

Tulimwomba dakika kumi. Betri ilisoma volti 12.6. Tukapima tena kwenye plagi ya friji huku kompresa ikijaribu kuwaka: 11.1. Volti moja na nusu zilikuwa zimepotelea njiani, na njia yenyewe ilikuwa waya wa taa za nyumbani, milimita mraba 1.5, uliopitishwa kutoka chini ya kiti cha dereva hadi mlango wa nyuma. Tulivuta waya wa milimita mraba 6, tukaweka fyuzi karibu na betri, na friji "lililokufa" likawaka na kuendelea kunguruma wakati mwenyewe yuko kibandani anamalizia rolex yake, chapati iliyokunjwa na mayai. Lile jipya lilirudi Nakuru ndani ya boksi.

Tungeweza kumfungia tu friji lake na kuchukua hela. Lingezima vilevile, na angerudi na maneno mengine.

Karakana yetu iko Jinja, ng'ambo ya daraja la Nile ukitoka Kampala. Tunaandika kwa Kiswahili kwa sababu wengi wenu mnaingia kutoka Kenya kupitia Malaba na Busia, na mafundi wetu wawili ni watu wa Arua waliokua nayo lugha hii. Kempa tunazopokea ni za kila namna: HiAce na Coaster zilizogeuzwa nyumbani, Land Cruiser zenye hema la paani, na yale magari marefu ya Wazungu yaliyoshuka kutoka Ulaya. Kazi nyingi kati ya hizo mwenye gari angeweza kuzifanya mwenyewe chini ya mti. Kinachowaponza watu ni kutafuta ubovu pale unapoonekana. Kempa ni nyumba inayotikiswa kilomita mia mbili kwa siku, na ndani yake ubovu hujitokeza mbali na ulikozaliwa.

Tuanze na umeme, maana ndio unaoleta simu nyingi za usiku.

Nunua mita ndogo ya kupimia volti. Hata ya bei rahisi inatosha. Gari likiwa limepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, betri ya kawaida ya risasi na asidi iliyojaa inasoma karibu 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12 umeshaanza kuiua, hata kama taa bado zinawaka. Sasa washa injini na upime betri ya nyumba, yaani ile ya nyuma, siyo ya kuwashia gari. Inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12.5, chaji ya alteneta, yaani jenereta ya injini, haiifikii, na mara nyingi utakuta fyuzi imekatika au rilei (swichi ya umeme) katikati imechoka. Betri utakuwa umeisingizia. Za lithiamu hazisomeki hivi: hukaa karibu 13.2 karibu muda wote kisha hushuka ghafla, kwa hiyo kwao volti peke yake haisemi kitu.

Halafu fanya kipimo tulichofanya kwa yule wa Nakuru. Pima kwenye betri, pima kwenye kifaa kikiwa kinafanya kazi, toa moja kwenye nyingine. Tofauti ya nusu volti au zaidi inamaanisha waya mwembamba, klampu iliyolegea, au waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi yenye kutu. Shika kila kiungo kwa vidole, kikiwa cha moto umekipata. Na mafriji mengi ya volti 12 yana mpangilio wa kulinda betri wenye ngazi tatu. Ukiachwa kwenye ngazi ya juu, friji linazima mapema kabla betri haijafika nusu, na mwenyewe anadhani limeharibika. Tumewahi kulipwa kwa kubonyeza kitufe hicho. Tuliona haya kidogo, tukamwongezea mteja kuoshewa gari.

Kuhusu sola, hapa kwetu tuna bahati ambayo watengenezaji wa Ulaya hawaijui. Ikweta inakata barabara ya Masaka pale Kayabwe, na jua la saa sita linakaa karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo paneli iliyolala bapa juu ya paa haihitaji kuinuliwa. Lakini fanya hesabu. Paneli ya wati 100 siku nzuri inakupa kama ampea-saa 30. Friji linalovuta ampea 5 na kufanya kazi theluthi moja hadi nusu ya siku, kwenye joto la Pakwach, linakula 40 hadi 60. Hesabu haifungi. Siku ya kwanza na ya pili betri inafidia, ya tatu maziwa yanaganda mtindi na watu wanaanza kulaumu friji. Na ukiegesha chini ya mwembe ili mkae kivulini, paneli nayo imekaa kivulini.

Ukifungua mfumo wa sola mwenyewe, ondoa kwanza waya za paneli kwenye kontrola (kile kiboksi kinachodhibiti chaji kati ya paneli na betri), ndipo uguse za betri. Kurudisha ni kinyume: betri kwanza, paneli mwisho. Kontrola nyingi zimeungua kwa sababu ya kugeuza mpangilio huo. Na birika la umeme la wati 2000 kwenye inveta, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, linavuta zaidi ya ampea 170 kutoka betri ya volti 12. Chai ipikwe kwa gesi, tafadhali.

Maji ya mvua nayo ni mabingwa wa kudanganya. Mama mmoja wa Entebbe alituambia dirisha la kushoto linavuja, kwa kuwa godoro lilikuwa linalowa upande huo. Alikuwa amelipaka silikoni mara tatu. Maji yalikuwa yanaingilia kwenye kidirisha cha paa, mbele kulia, yanatambaa kati ya bati na plaiwudi ya dari, yanafuata ubavu wa fremu, na kudondoka yalipopata tundu la skrubu juu ya godoro. Karibu mita mbili za safari.

Kutafuta mvujo kunahitaji watu wawili, mpira wa maji na subira. Mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji nje akianzia chini. Mwagia ukuta dakika kadhaa, kisha dirisha, kisha kona ya paa, mwisho vidirisha vya juu. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Fanyeni hivyo Februari na Agosti, kabla ya mvua za Machi na za Septemba, na pia kila mkitoka kwenye murram mbaya, kwa sababu ule mtikisiko wa barabara yenye mikunjo kama bati ndio unaofungua maungio.

Ukilipata tundu, weka silikoni ya bafuni mbali. Haistahimili bodi inayocheza, na ikishabanduka inaacha ngozi ambayo hakuna kitu kinachoishika, hata silikoni mpya. Kwangua yote kwa kipande cha plastiki, futa kwa spiriti, chini ya fremu laza tepu ya butili, na ukingo wa bati uuzibe kwa gundi ya poliurethani, ambayo hubaki laini kama mpira. Iache siku nzima kabla ya kusafiri. Usifute vidirisha vya plastiki kwa thina: vitapata nyufa nyembamba kama nywele, na utakuwa umejitengenezea mvujo mwingine. Mwisho, bonyeza plaiwudi kwa dole gumba kuzunguka pale palipolowa. Ikibonyea kama mkate, mbao ya ndani imeoza, na hapo tuite.

Gesi hatutaki uiguse sana. Mambo mawili tu. La kwanza ni kupima mvujo: povu la sabuni kwenye kila kiungo, chupa ikiwa imefunguliwa na majiko yamezimwa. Likifanya mapovu, funga chupa na usiendelee. Kiberiti hakipimi gesi, ingawa bado tunasikia watu wakikitumia. La pili ni lile tundu kwenye sakafu ya kabati la chupa. Kila msimu wa kiangazi tunapokea kempa zilizotoka Kidepo zikiwa na tundu hilo limezibwa kwa kitambaa, kuzuia vumbi la Karamoja lisiingie kwenye sufuria. Tunaelewa, vumbi lile linaingia hata kwenye ndoto. Lakini gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini kama maji, na tundu hilo ndilo mlango wake wa kutokea. Ukilizuia, inajaa sakafuni ambako wewe umelala. Weka wavu mwembamba na uwe unausafisha.

Na sigiri isilale ndani ya gari, hata kama mko Kabale na baridi inauma. Makaa yanayoonekana yametulia ndiyo yanayotoa ile hewa ya sumu isiyo na harufu.

Tairi za kempa hudanganya kwa sura. Gari linatembea wiki chache kwa mwaka, kwa hiyo meno yanabaki marefu wakati mpira wenyewe umezeeka kwa jua. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya ubavuni yanayoanza na DOT: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Zikizidi miaka sita au saba sisi tunabadilisha, meno yawe yalivyo. Ukishabadilisha gurudumu lolote, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Filta ya hewa ikung'ute kila ukitoka kwenye vumbi, ukipuliza kutoka ndani kwenda nje. Oili unajua mwenyewe.

Breki ndiyo kazi tunayoikatalia isifanywe chini ya mti. Kempa ni nzito kuliko gari ililotokana nalo. Lita 100 za maji peke yake ni kilo 100, hujahesabu kitanda, betri na shemeji. Barabara ya Kabale kwenda Kisoro au ile ya kushuka Kapchorwa inapasha breki moto mpaka pedali inalainika. Teremka na gia ndogo, na mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili, kwa kuwa yanafyonza unyevu wa hewa na yakichemka hayabani tena. Ukiona pedali inazama, usitafute spana. Egesha.

Spea nyingi utazikuta soko la Kisekka, Kampala. Nenda na kile kifaa cha zamani mkononi, siyo jina lake tu, na ukilinganishe na kipya kabla hujatoa pesa. Pampu za maji, mipira ya madirisha na rejuleta za gesi za magari ya Ulaya ni vigumu kuzipata. Hizo tunaagiza, na huchukua wiki kadhaa.

Ukikwama, tutumie picha nne: kifaa chenyewe, betri pamoja na klampu zake, na mita ikionyesha volti injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inawaka. Kuangalia picha hatutozi, na mara nyingi jibu letu ni sentensi moja. Ukija mwenyewe, ukaguzi wa umeme, paa na gesi unachukua nusu siku, na tunapenda ukae karibu uone tunavyofanya. Chukua kigoda.

Jumapili tumefunga. Ila ukipita na tangi limekauka, gonga lango: mlinzi anajua bomba liko wapi, na mpira wa maji hatuufungii stoo.