Ami akifunga, awe amefunga

Mombasa, Jumamosi usiku

Shoga yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Huku hatujambo, mama anakusalimu sana, na mtoto wa Bi Mkubwa ameota meno mawili. Niwie radhi kwa kimya changu. Wiki mbili hizi kichwa kizima kimekuwa kwenye dirisha moja tu.

Unaikumbuka ile programu ya mauzo niliyomwandikia Ami kwa duka lake la leso, Biashara Street? Aliniita kompyuta imekuwa nzito na mauzo ya siku nzima hayaonekani. Nikasukuma marobota pembeni, nikaketi kwenye kaunta, nikafungua orodha ya programu zinazoendelea. Java, yaani ile programu yangu, imo mara saba! Kila jioni Ami hubonyeza X, dirisha hutoweka, naye huifunika laptopu bila kuizima. Kumbe JFrame, yaani dirisha lenyewe la Java, usipoiambia lolote, hujificha tu, programu yenyewe ingali hai. Asubuhi anafungua nyengine. Na ile ya juzi, kila dakika tano, ilikuwa ikihifadhi orodha yake kuukuu juu ya mauzo ya leo.

Ami akaniuliza, "Mwanangu, nikifunga mimi, si nimefunga?" Sikuwa na jibu, na swali hilo silali nalo.

Nikakimbilia EXIT_ON_CLOSE, agizo la kuizima programu nzima dirisha likifungwa. Nilikosea. Ile haingoji mtu, hukata hata uzi, yaani kazi moja inayoendeshwa ndani ya programu, ulio katikati ya kuandika. Siku ya tatu Ami akafunga wakati faili linahifadhiwa, na mstari wa mwisho ukaishia "doti 4, sh. 2", basi. Mteja alilipa ngapi, Mungu ndiye ajuaye.

Sasa nimeweka DO_NOTHING_ON_CLOSE, X isifanye lolote yenyewe, na kila kitu kinapitia windowClosing, sehemu ya programu inayoitwa X ikibonyezwa. Kwanza Ami anaulizwa kama kuna risiti hajaimaliza. Akighairi, dirisha linabaki. Akikubali, naisimamisha saa ya kuhifadhi, ile ya kila dakika tano, nangoja uandishi umalizike, nafunga faili, ndipo naita dispose iliondoe dirisha kabisa. Ile saa niliisahau mara ya kwanza: dirisha likaondoka, Java ikabaki palepale, maana uzi wa java.util.Timer, yaani wa saa hiyo, si daemon, si uzi wa nyuma usioizuia programu kuisha, na mmoja tu kama huo hutosha kuizuia programu isife. Halafu kule kungoja nilikuweka kwenye uzi uleule unaochora dirisha. Likaganda, Ami akaanza kubonyeza X kwa hasira. Kule kungoja nimekuhamishia kwenye SwingWorker, inayofanya kazi kwenye uzi wa pembeni, na dirisha linaandika "Nahifadhi, subiri kidogo". Ami kaipenda hiyo.

Stima ikipotea, lakini, hakuna windowClosing wala kuaga. Kwa hivyo kila risiti naihifadhi papo hapo, kwenye faili la muda kwanza, kisha nalibadilisha jina liwe la lile la kweli. Uandishi ukikatika, la zamani bado lipo zima.

Leo nimefungua na kufunga mara arobaini, na kila mara nimekwenda kutazama ile orodha. Java haimo. Hata hivyo sijatulia, kwa sababu Ami ameniamini na daftari la duka tangu lile la karatasi lilipolowa mvua.

Ndiyo maana nakuandikia. Wewe una mashine ya Linux, mimi sina. Unaweza kuijaribu huko Ukunda, uifunge katikati ya kuhifadhi, tena uizime kompyuta nzima dirisha likiwa wazi, unieleze faili limebaki vipi? Na nakala ya pili ya programu ikifunguliwa, wewe ungeikataa kwa kufuli la faili, yaani ya kwanza ishike faili ya pili isiliguse, au ungeliinua tu dirisha la ile ya kwanza? Kaka yako ameshapata ile kazi? Na utavuka feri lini, au nije mimi?

Wako,
shoga yako wa Kibokoni