Risala ya Wahitimu wa Stashahada ya Uuguzi na Ukunga kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wazazi na walezi, wanachuo wenzetu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kutuaga. Miaka 3 ya masomo imekwisha, na mbele yetu umebaki mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jamii inamjua muuguzi kwa sindano na zamu ya usiku, na si ajabu baadhi ya wazazi walioketi hapa wakaamini kwamba watoto wao walikuja kujifunza kuchoma sindano tu. Hatuidharau kazi ya wodini, kwa kuwa ndiyo iliyotulea. Ila leo tunaomba kuuzungumzia upande wa taaluma hii ambao hausemwi sana.

Katika mafunzo kwa vitendo, baadhi yetu tulipangiwa zahanati ya kijijini yenye muuguzi mmoja. Kila asubuhi, kabla ya kupokea mgonjwa yeyote, alisoma kipimajoto cha jokofu la chanjo, akahakikisha kiko kati ya nyuzi 2 na 8, kisha akaandika. Jioni alikaa na vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya kuandikia taarifa za huduma za afya, hadi giza linaingia, nasi, tukisema kweli, tulimwona anapoteza muda kwa makaratasi. Siku moja alituita akapitisha kidole kwenye mistari: wajawazito wa kitongoji cha ng'ambo ya mto walikuwa wakifika hudhurio la kwanza la kliniki, halafu majina yao yakapotea kabla ya hudhurio la nne. Hakuwagombeza. Alipanga siku moja ya huduma ya mkoba, yaani kuwafuata watu huko wanakoishi, kila mwezi, akavuka mto yeye mwenyewe na mizani yake begani. Mama yule alikuwa akifanya kazi ya mtakwimu na ya mpangaji wa afya ya jamii, ingawa barua yake ya ajira haikusema hivyo.

Jambo hili si geni katika uuguzi. Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza ambaye siku yake ya kuzaliwa, 12 Mei, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani, alizichambua takwimu za vifo vya askari wa Uingereza katika Vita vya Crimea, akazichora ili wakubwa waone kwa macho kwamba maradhi yaliua wengi kuliko majeraha. Hapa kwetu, chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa Bagamoyo na Korogwe, na majaribio ya aina hiyo hayaendi bila muuguzi wa kumweleza mama kwa Kiswahili chepesi anachoridhia, kumfuatilia mtoto akipata homa, na kutunza kumbukumbu zisizo na doa. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo mwaka 2021.

Wapo pia wauguzi wa kutoa dawa ya usingizi, wa afya ya akili, wa migodini na viwandani, wanaohakiki madai ya bima, na hawa wakufunzi waliotufundisha. Hatusemi kwamba njia hizo ni mlango wa kuikimbia wodi. Anayehakiki dai la upasuaji bila kuwahi kumhudumia mgonjwa aliyetoka upasuaji atakosea, na mkufunzi ambaye hajawahi kuzalisha atafundisha nini?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, masikitiko yetu ni kwamba mengi ya haya tumeyajua kwa bahati. Aliyepangiwa zahanati ile aliyaona. Aliyebaki hospitali kubwa muda wote hakuyaona. Chumba chetu cha kompyuta kina mashine 6 zinazofanya kazi, wakati darasa letu lina wanachuo 84, hivyo wengi wetu tunahitimu tukiwa tumejaza taarifa za wagonjwa kwa kalamu pekee.

Kwa hiyo tunaomba utusaidie kupata kompyuta 20 kwa ajili ya wanaobaki. Pia tunaomba utuombee kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ili kila mwanachuo wa mwaka wa tatu akae ofisini kwake wiki 2, aone takwimu za zahanati zinavyopokelewa, zinavyohojiwa na zinavyogeuzwa kuwa bajeti. Nauli tutajitegemea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.