Barua ya wazi kwa mdogo wangu: walete watoto Machame Desemba hii

Mdogo wangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Tangu uliponiambia kwa simu kwamba mwaka huu huenda usiwalete watoto Machame, kwetu Kilimanjaro, kwa kuwa nauli za Desemba hupanda na safari yenyewe, kwa maneno yako, ni ya kula ndafu, yule mbuzi wa kuchomwa mzima, na kurudi, nimelitafakari sana jambo hilo, nikaona nikujibu kwa barua, tena ya wazi, maana najua wazazi wengi wanajiuliza kama wewe. Katika mazungumzo yale yale ulinieleza hofu yako kwamba watoto hawaijui imani ila kwa nyimbo za Shule ya Jumapili, ukaniuliza ufanyeje. Mimi naona maswali hayo mawili yana jibu moja.

Musa alipowaagiza Waisraeli wawafundishe watoto wao maneno ya Mungu, hakutaja darasa wala kuhani. Alisema wayanene "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Yoshua naye, walipovuka Yordani, aliagiza mawe 12 yatolewe katikati ya mto na kusimamishwa Gilgali, na sababu aliyoitoa ni watoto: siku moja watayaona, watauliza maana yake, na mzazi atapata mahali pa kuanzia. Nalipenda agizo hilo kwa sababu kuuliza ni kazi ya mtoto, na kazi yetu sisi wakubwa ni kumpitisha mahali penye kitu cha kuuliziwa. Bwana Yesu mwenyewe alilelewa hivyo. Luka anasimulia kwamba wazazi wake walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka, na alipokuwa na miaka 12 walisafiri mwendo wa kutwa bila kumwona, wakidhani yumo katika msafara. Hakuna mama angedhani hivyo kama msafara ule haukujaa shangazi, wajomba na majirani waliomhesabu mtoto yule kuwa wao pia. Watoto wako wana Mungu huko Mwanza, wana usharika mzuri, lakini msafara wa namna hiyo hawana.

Mwaka jana basi letu lilipata pancha tulipokwisha kupita Hedaru, saa nane mchana, katika ile nchi kame iliyo chini ya milima ya Upare. Abiria tulishuka tukajibanza kwenye kivuli chembamba cha basi. Akatoka mama mmoja katika nyumba ya kando ya barabara, amejitanda mtandio, amebeba ndoo ya maji na kikombe cha plastiki, akaanza kuwagawia watoto kwanza. Upande ule maji hufuatwa mbali, au hununuliwa kwa ndoo, na yeye alitugawia hadi tukaona kitako cha ndoo. Abiria mmoja alipomshikisha noti, aliisukuma kwa kiganja akasema msafiri hauziwi maji. Tulipomshukuru alijibu "Alhamdulillahi", na basi lilipoondoka mwanangu wa pili akaniuliza kama yule mama ni Mkristo. Nikamwambia naona ni Mwislamu, kisha nikafungua Luka sura ya 10 kwenye simu, tukasoma habari za Msamaria mpaka tukafika Same. Akaniuliza kwa nini Yesu hakumfanya yule mtu mwema awe Myahudi kama wenzake. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mfano huo, na sidhani kama niliwahi kusikia ukiulizwa vizuri hivyo. Nilimjibu kwamba mwanasheria alitaka kujua jirani yake ni nani, na Yesu akamjibu kwa kumtaja mtu ambaye mwanasheria yule hangemtia kamwe katika hesabu ya majirani zake. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kama yule mama wa maji."

Nakusihi tu, usigeuze kila kitu cha njiani kuwa mahubiri. Wako walimu wanaopenda kuwaambia watoto kwamba Kibo iliyofunikwa na wingu ni mfano wa Mungu asiyeonekana. Sioni mtoto anapata nini hapo, kwa sababu jioni wingu litaondoka na mlima utaonekana, ilhali maswali yake juu ya Mungu hayataondoka kwa wepisi huo. Mifano ya Bwana Yesu mara nyingi ni ya watu wanaofanya jambo: mwanamke anayefagia nyumba akitafuta shilingi yake, baba anayemkimbilia mwana aliyepotea, mwenye shamba anayelipa vibarua jioni. Mwonyeshe mtoto watu, hasa mtu anayetenda jambo linalomgharimu.

Tena pako mahali ambapo itakupasa usiwe na jibu la haraka. Njia yenu ya kutoka Singida kwenda Babati inapita Katesh, chini ya Mlima Hanang, ambako tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe yaliyafunika makazi ya watu na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Mwanao mkubwa husikiliza sana taarifa ya habari, naye atauliza. Usimwambie kwamba Mungu alikuwa akiwaadhibu watu wale, wala usimwambie kwamba ilikuwa kwa heri yao. Bwana Yesu aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Hakueleza kwa nini mnara ulianguka, bali aliwageukia wale waliokuwa hai akawaita watubu. Mkifika pale, waombeeni waliofiwa. Kama mtoto atabaki na swali lake, mwache abaki nalo, kwa sababu Zaburi zimejaa watu waliomletea Mungu maswali wakaondoka nayo, na bado wakaimba.

Hapa Machame, wamisionari wa Leipzig, wale Walutheri wa Ujerumani, walianza kazi yao Nkwarungo mwaka 1893, na mengi ambayo wazee wetu waliyapokea bado yanaonekana kwa macho. Chukua mnada baada ya ibada. Watoto wa mjini huushangaa, kwa kuwa huko kwenu sadaka ni noti ndani ya bahasha, au siku hizi ni ujumbe wa simu. Hapa mzee wa kanisa husimama uani penye meza, akanadi mkungu wa ndizi, magimbi, kuku aliyefungwa miguu. Krismasi iliyopita bibi mmoja mjane alileta mayai matatu kwenye kisahani cha bati. Aliyeyanunua akayarudisha mezani yanadiwe upya, wa pili naye akafanya vivyo hivyo, na wa tatu, hata mayai yale yakaingiza fedha kuliko jogoo, kisha yakapelekwa kwa mama mmoja aliyekuwa mgonjwa. Niliwasomea watoto habari za mjane na senti zake mbili katika Marko 12, lakini nilianzia nyuma kidogo, mahali Bwana anapowakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane. Nafikiri ni haki mtoto azisikie habari hizo mbili pamoja, asije akakua akidhani kwamba Yesu alifurahi kumwona mjane akibaki bila kitu.

Lakini kuna jambo ambalo natamani sana wanao wangelishuhudia, nami nalieleza kwa ruhusa ya wahusika. Unaufahamu mgogoro wa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo lenye migomba, uliowatenga baba zetu wadogo, hata mmoja akaacha kuhudhuria vikao vya ukoo. Siku moja kabla ya Krismasi, watoto wakiwa uani wanamenya ndizi, yule mdogo alikuja kwa kaka yake akiwa ameshika isale mkononi. Hakutoa hotuba. Watoto hulijua isale kama mmea wa kuonyesha mpaka tu, wakaniuliza kwa kunong'ona kwa nini babu ameleta jani. Nikawaeleza kwamba kwa desturi yetu Wachaga, anayeomba msamaha huleta isale, na aliyeletewa hakatai. Mmea ule ule uliopandwa kwenye mpaka walioupigania ndio uliochumwa kuwapatanisha. Kaka alilipokea kwa mikono miwili, midomo ikimtetemeka, akashindwa kusema neno, akamvuta mdogo wake wakaketi.

Usiku ule tulisoma Mathayo 5, mahali Bwana anaposema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, "upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Asubuhi yake watoto waliwaona wazee wale wawili kwenye benchi moja kanisani, kila mmoja na sadaka yake. Wako waumini wanaotilia shaka kuzileta mila karibu na madhabahu, na naiheshimu hofu yao. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyetumika miaka mingi Old Moshi, aliamini kwamba vifungo vya ukoo na ujirani ni vitu ambavyo Injili haikuja kuvibomoa, nami kwa hili nakubaliana naye. Isale halimwondolei mtu dhambi. Lilimfikisha mzee wa miaka sabini kwenye mlango ambao asingeugusa kwa ajili ya barua ya mwanasheria.

Kabla ya Desemba kuna mengi ya kuanzia hapo hapo nyumbani kwako. Mlipe dada wa kazi mshahara wake siku uliyomwahidi, watoto wakiona, na wakiuliza kwa nini hukungoja wiki ijayo, wasomee Yakobo 5 juu ya ujira uliozuiliwa.

Kuhusu nauli, mimi na kaka tutachangia ya watoto wawili, nawe ubaki na yako na ya mdogo. Msisafiri kwa mkupuo mmoja. Laleni Singida, ili mpite Katesh mchana. Mshuke Bomang'ombe, nami nitakuwapo kuwapokea. Tiketi za wiki ya Krismasi huisha mapema, kwa hiyo nijibu kabla mwezi huu haujakwisha.

Dada yako akupendaye katika Kristo.