Nota nyingi nyeusi si lazima iwe fili ya kasi

Wapiga dramu wengi wanaokuja darasani kwetu hapa Arusha wametokea kanisani. Mkono upo, sikio lipo, na wimbo wakiusikia mara mbili wanaupiga. Wanakwama siku wanapopewa karatasi ya nota, hasa wakifika kwenye fili, yale mapigo ya haraka ya kujazia kabla wimbo haujarudi kwenye kiitikio. Wakiona mistari mitatu imerundikana juu ya nota, wanakaza stiki na kuanza kukimbia.

Mistari ile haisemi kasi. Inaonyesha hesabu moja, ile moja-mbili-tatu-nne ya wimbo, imegawanywa mara ngapi: mstari mmoja ni mapigo mawili, miwili ni manne, mitatu ni manane. Kasi inatoka kwenye tempo iliyoandikwa juu ya ukurasa, yaani hesabu ngapi kwa dakika. Piga nota za mistari miwili kwenye tempo 120 na utapata mapigo 8 kwa sekunde. Nota za mistari mitatu kwenye tempo 60 ni mapigo 8 yaleyale. Makundi ya nota sita ndani ya hesabu moja kwenye tempo 80, nane tena. Kwa macho karatasi hizo tatu hazifanani hata kidogo, lakini mkono unakwenda kwa kasi ileile. Kwa hiyo angalia tempo kwanza, ndipo uamue kama kuna cha kuogopa.

Aliyelelewa na kwaya ana faida kubwa hapa. Kwenye solfa, yale maandishi ya do-re-mi, nukta pacha inatenganisha hesabu, nukta moja inaigawa nusu, mkato unaigawa robo. Ukiweza kusoma hivyo, mgawanyo wa hesabu unaujua tayari. Kilichobaki ni kuzoea alama nyingine.

Kuhesabu tunatumia mitaa yetu. Njiro ni mapigo mawili ndani ya hesabu moja, Sekei matatu, Kaloleni manne. Ukikuta tarakimu 6 juu ya kundi, sema Sekei-Sekei ndani ya hesabu hiyohiyo moja. Ila kuna mtego: kwa mazoea ulimi utakaza silabi ya pili kutoka mwisho, wakati hesabu inaangukia silabi ya kwanza. Tunataka useme KA-loleni, SE-kei, hata kama mwenyeji wa Kaloleni atakushangaa, na mguu wa hai-hati, simbali mbili za kukanyaga, ukanyage hapohapo.

Tuchukue fili moja kwenye tempo 80. Hesabu ya kwanza na ya pili unaendelea na mdundo wako. Ya tatu, Kaloleni yote kwenye snea, ngoma iliyo mbele yako. Ya nne, Sekei-Sekei: mapigo mawili snea, mawili ngoma ya tomu ndogo, mawili tomu ya chini, kisha besi na simbali kwa pamoja kwenye moja, yaani hesabu ya kwanza inayofuata. Kila hesabu ina sekunde 0.75. Wengi wakiona sita baada ya nne wanakimbia kupita kiasi, wanamaliza mapema na kutua kwenye moja kabla ya kwaya. Dawa yake ni kuitamka fili nzima huku unapiga makofi kwenye hesabu, bila stiki, mpaka mdomo utulie. Kisha kaa kwenye dramu na uanze na tempo 50.

Alama za kimya nazo zisomwe. Pigo la kwanza la kundi likiwa kimya, bado unatamka KA, ila mkono haugusi chochote.

Darasani tunafundisha mtu mmoja mmoja au wapigaji wa kanisa moja kwa pamoja. Tunaandika pia fili kutoka kwenye rekodi, kwa nota na kwa herufi K na S za mkono wa kulia na kushoto. Ukituletea wimbo, tuandikie dakika na sekunde fili inapoanzia, na utuambie dramu zenu zina tomu ngapi, maana fili iliyoandikwa kwa tomu tatu inabidi ipangwe upya kwa seti yenye mbili. Kwa somo la kwanza njoo na stiki zako na simu yenye metronomu, programu ya kupiga hesabu. Pedi ya mazoezi ipo hapa.