Nishani ya Babu Usiitie Ndimu

Nishani nyingi za wazee zinazoletwa dukani kwetu Lamu hufika ziking'aa. Zimelala ndani ya kasha miaka na miaka, kisha siku ya kutoka mtu akaona haya kubeba kitu cheusi, akatafuta ndimu na chumvi, au ukwaju, au majivu, akasugua kama asuguavyo sinia ya shaba. Tafadhali, usifanye hivyo. Nishani chafu yasomeka. Iliyosuguliwa pengine haitasomeka tena, maana sisi tunaozikagua hatuanzi na uso wenye kichwa cha mfalme. Twaanza na ukingo.

Isimamishe nishani karibu na dirisha, uizungushe polepole kati ya vidole. Nishani ya fedha ya Uingereza ya vita vya 1914–1918 ina kipenyo cha milimita 36. Mbele yupo Mfalme George wa Tano, nyuma yupo mpanda farasi aliye uchi. Ukingoni, ikiwa ni ya askari wa kawaida, utakuta namba, cheo, jina na kikosi. Ukiona 3/K.A. RIF., huyo ni askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), batalioni ya tatu. Ya ofisa ina cheo na jina tu, kwa hiyo maandishi machache peke yake si dalili ya ughushi.

Herufi hizo ziligongwa kwa chapa na hazina kina kirefu. Dawa za kung'arishia zina chembe za kukwangua ndani yake, na kila mpako huondoa kidogo. Namba ikifutika, hasara ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani: makarani waliandika majina walivyoyasikia, na akina Juma na Ali walikuwa wengi. Namba ndiyo inayomtenga babu yako na wenzake.

Ukingo huo huo ndio unaomfichua mdanganyifu. Anayetaka kubadili jina hulazimika kwanza kupiga tupa jina la zamani, na tupa hula fedha. Pima kipenyo kwa kalipa, rula yenye taya mbili za kubana kitu, sehemu nne au tano. Ikipungua pale palipo na jina, kuna mkono uliopita hapo. Itazame tena kwa lenzi ya kukuza mara kumi: herufi iliyochongwa kwa sindano huacha mikwaruzo ndani, ya chapa huwa na sakafu laini. Na usimpelekee sonara akupimie. Kwake hiyo ni fedha inayokaribia aunsi moja tu, na nishani nyingi za aina hii ziliyeyushwa duniani bei ya fedha ilipopanda sana mwaka 1980.

Nishani ya Ushindi ya vita hivyo vya 1914–1918, yenye utepe wa rangi za upinde wa mvua, ni ya bronzi, na hiyo ndiyo inayoumizwa zaidi na ndimu na chumvi. Chumvi huacha kloridi, kemikali iliyomo ndani yake, katika vinyweleo vya metali. Hewa yetu ya bahari ikiingiza unyevu, kloridi huanza kula shaba, tena bila kusimama. Utaona vidoa vya unga wa kijani hafifu, ukivipangusa leo vyarudi wiki ijayo. Rangi ya kijani kibichi iliyo ngumu na tulivu haina neno, iache. Ya unga itenge na vyuma vingine, iweke kwenye boksi la plastiki lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, unyevu ushuke chini ya asilimia 40, ndipo utuletee. Usitumie vifuko laini vya vinili, hutoka jasho la kunata, wala usifunge fedha kwa mpira, huifanya nyeusi.

Nishani za Uingereza za vita vya 1939–1945 kwa kawaida hazina jina. Usihuzunike ukikuta ukingo mtupu. Hapo ushahidi uko kwenye mkusanyiko wenyewe: nishani iitwayo Nyota ya Burma kando ya ile ya Nyota ya 1939–1945 yaendana na askari wa Keya waliopigana bonde la Kabaw, huko Burma, mwaka 1944. Kwa hiyo usizigawe kwa wajukuu moja moja kabla hazijapigwa picha pamoja.

Iliyo adimu, nayo yatuhusu sisi wa huku, ni nishani ya fedha ya Malkia Victoria yenye utepe wa njano na nyeusi, na juu ya utepe kibamba kilichoandikwa WITU 1890 au WITU AUGUST 1893, yaani mapigano ya Witu, bara karibu na Lamu. Nyingi walipewa wanamaji, kwa hiyo ukingoni tafuta jina la meli. Kibamba ni rahisi kupachikwa baadaye, basi kagua misumari yake midogo kama ina lehemu mpya. Kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 ni kitu cha kale kwa mujibu wa sheria ya makavazi na turathi ya 2006, hakisafirishwi nje bila kibali. Mnunuzi anayekuhimiza umpe upesi apande ndege kesho, mwambie asubiri.

Kofia za chuma tunazikagua pia. Ya Uingereza ya mtindo wa pili ina skrubu moja utosini inayoshika bitana, na kifupi cha mtengenezaji na mwaka hugongwa upande wa ndani wa ukingo. Ya Kiitaliano ya mwaka 1933 ina matundu matatu ya hewa. Usiitundike kwenye ukuta wa matumbawe: ukuta huo hunyonya chumvi, na upande unaougusa ndio utakaotoboka kwanza.

Risasi, kombora au guruneti usituletee wala usiliguse. Liache lilipo, uwaite polisi.

Kwa ushauri wa mwanzo picha tatu zatosha: mbele, nyuma, na ukingo wote, mwanga ukitoka ubavuni.