Riwaya fupi nazo ni vitabu kamili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaambie jambo wasomaji wenzangu ambao mwezi Januari walijiwekea azma ya kusoma vitabu 12, na ambao sasa, mwaka ukielekea ukingoni, wangali katikati ya kitabu cha tatu. Wasikate tamaa, bali wazigeukie riwaya fupi.

Waanze na Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. Haifikii kurasa 100, lakini ndani yake mna nchi nzima inayoelea angani, na mna Karama, anayeshtakiwa kwa kutaka watu wafunzwe sheria, naye akajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na mambo ya heri, kisha wakaadhibiwa. Niliimaliza kwa jioni mbili, nikairudia wiki iyo hiyo.

Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi ni nyembamba vilevile, ila si za mwenye haraka. Sura ya kwanza ya Nagona niliisoma mara tatu, penseli mkononi. Ndiyo maana siwaafiki wanaodai kwamba kuhesabu vitabu vya namna hii ni kujidanganya.

Maktaba ninayoazima ina nakala moja tu ya Kusadikika, jalada lake limeshonwa kwa uzi mweusi, na foleni ya wanaoisubiri ni ndefu. Nawasihi wakutubi wetu waagize nyingine kabla ya Desemba.

Msomaji wako,
Morogoro