Hiyo B ya mwanao

Shosti yangu wa Mafinga,

Habari za siku nyingi, za hapo na biashara ya mbao, shemeji mzima? Sisi huku Tukuyu tupo tunadunda, mvua si unaijua haina likizo, nguo nafua Jumamosi nikija kuzianua ni Jumatano, ila Mungu anasaidia.

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Unasema ripoti ya mwanao wa la tatu imekuja na B ya Kiswahili, ukafurahi ukanunua na soda, afu kesho yake ukampa asome tangazo la mnada wa mbao akawa anang'ang'ania herufi moja moja mpaka ukamnyang'anya karatasi, na sasa unataka kwenda shuleni kuwasha moto kwamba walimu wamekudanganya. Subiri kwanza mwaya. Mi nafundisha la pili, hawa watoto ndo nawajua, na nakwambia hiyo B inaweza ikawa halali kabisa na mtoto bado hajui kusoma.

Iko hivi. Kwa shule za msingi Baraza la Mitihani wanatumia alama 50 kila somo, kuanzia 41 ni A, 31 mpaka 40 ni B, 21 mpaka 30 ni C, 11 mpaka 20 ni D, chini ya hapo ni E, na shule nyingi zinafuata mpangilio huo huo hata kwenye mitihani ya ndani. Sasa angalia karatasi yenyewe ilivyo, chagua herufi ya jibu sahihi, oanisha fungu A na fungu B, jaza nafasi iliyo wazi. Mtoto mjanja akijua herufi za mwanzo za neno anakisia, akikumbuka swali lilikuja mtihani wa mwezi uliopita anaandika lile lile, na mwenzake wa dawati yuko hapo bega kwa bega. La saba ndo kabisa, tangu 2012 maswali mengi wanasiliba kwenye fomu inayosahihishwa na mashine, majibu A mpaka E, yani hata asiyesoma swali kila maswali matano ana bahati ya kupata moja. Sisemi mtihani ni mbaya, taifa lina watoto wengi mno huwezi kumkalisha kila mmoja ukamsikiliza. Ila mwalimu wa darasa anaweza, na ndo kazi yake.

Kipimo chenyewe hakipo kwenye B wala C, kipo kwenye muhtasari wa somo. Huu mpya wa Taasisi ya Elimu ulioanza Januari 2024, la kwanza na la tatu ndo walitangulia, una safu imeandikwa vigezo vya upimaji, inakwambia mtoto akimaliza hapo aweze kufanya nini. Kufanya, sio kukumbuka. Kwa hiyo mi nikitaka kujua mtoto kafikia au bado, namwita mezani peke yake, wenzake nawaachia kazi ya kunakili (na kelele juu, ile hesabu ya serikali ya mwalimu mmoja kwa watoto 45 tangu elimu bila malipo ianze 2016 wengine tunaisikia tu kwenye redio), nampa kifungu ambacho hajawahi kukiona. Hapo kwenye hajawahi kukiona ndo penyewe, usipapite haraka. Maana kitabu cha darasani wengi wanacho kichwani kama wimbo. Nina kijana mmoja huyo akisimama kusoma utafikiri mtangazaji, siku moja nikafunika picha kwa kiganja nikamwambia aanzie mstari wa tatu, akaanza mstari wa kwanza kwa sauti ile ile ya madaha huku kidole kimetulia pembeni ya ukurasa. Hajui hata neno moja lilipo. Kwenye karatasi ya muhula huyo ana 33.

Akishasoma namuuliza. Nani kaenda sokoni, kwa nini karudi analia. Asiponijibu, hata kama kasoma kama maji yanavyoshuka, sijamhesabia amefika. Na kuna upande wa pili, huku kwetu watoto wanatoka nyumbani na Kinyakyusa ambacho hakina z, mtoto anasoma "mbusi kala muhogo", nikimuuliza nani kala muhogo ananionyesha mbuzi kwenye picha bila kusita. Huyo anasoma! Lafudhi ni jambo lingine tutalishughulikia taratibu, lakini mgeni akija na karatasi yake ya kukagua anamkata alama, na kwenye imla akiandika msigo badala ya mzigo anapata kosa sawa sawa na yule aliyeandika mchoro tu usio na kichwa wala miguu. Mi daftarini kwangu naandika tofauti.

Hesabu nayo ni hivo hivo. Ukimpa 52 toa 27 akaleta 35, kalamu nyekundu inaweka mkasi basi imeisha. Kaa naye sasa, mwambie akuoneshe alivyofanya, utakuta kachukua 7 akatoa 2 kwa sababu mbili haitoi saba, kageuza, afu 5 toa 2. Huyo kutoa anakujua vizuri tu, hajui kukopa kwenye makumi, na dawa yake ni vijiti vya kumi kumi na mpira wa kufungia, haizidi wiki. Kwenye ripoti utaona D ya Hisabati na utamlaza njaa bure.

Kuna nchi walijaribu kulifanya hili liwe la taifa zima. New Zealand mwaka 2010 waliweka viwango vya kitaifa vya kusoma, kuandika na hisabati kwa shule za msingi, na hawakuweka mtihani mmoja wa kufunga kazi, mwalimu alitakiwa aunganishe anayoyaona darasani, maongezi na mtoto, madaftari na majaribio, afu atoe hukumu yake kwamba mtoto yuko juu ya kiwango, kwenye kiwango, chini au chini sana. Mwishoni mwa 2017 wakavifuta. Moja ya malalamiko ni kwamba mwalimu wa shule hii akisema kafikia, wa shule ile kwa kazi ile ile anasema bado. Na hilo kweli ni shida, mi mwenyewe nina huruma sana na watoto wanaonyamaza, naweza nikawapendelea. Ndo maana na mwenzangu wa mkondo B tunabadilishana madaftari, anasahihisha ya kwangu nasahihisha ya kwake, tukitofautiana tunamwita mtoto tunamsikiliza wote wawili. Tunagombana kweli kweli, ila tunafikia pamoja.

Afu hebu acha kuuliza kawa wa ngapi. Najua ndo swali lako la kwanza maana na mie wazazi wa hapa hawana lingine. Wa tano kwenye darasa ambalo hakuna anayesoma ni wa tano kati ya wasiojua kusoma. Baraza lenyewe matokeo ya kidato cha nne ya Januari 2023 waliacha kutangaza kumi bora, sasa sisi wa la tatu tunapangana nafasi za nini?

Kwa hiyo shuleni nenda, ila usiende na moto, yule mwalimu ana watoto wengi na ana vikao vya tathmini ambako anaulizwa wastani wa darasa, haulizwi mwanao kasoma ukurasa gani. Mwambie akutajie umahiri, yani kile ambacho muhtasari unataka mtoto aweze kufanya, ambao hajaufikia na akuoneshe alipoandika. Kama hajaandika popote, omba dakika kumi mmsikilize pamoja. Na nyumbani achana na kitabu cha shule, mpe maandishi ya kwenye khanga, risiti, kibao cha basi, mstari wa Biblia asioujua, afu muulize kinasema nini.

Unitumie Watsapu picha za daftari lake la Hisabati, zile kurasa za kutoa, usifute kitu na usimwambie arudie, nataka makosa yake yalivyo. Na hilo tangazo la mnada nalo lipige picha nilione, maana matangazo mengine hata mimi mwalimu yananishinda. Msalimie shemeji, mwambie ndizi zake zinakuja na gari la Jumanne.

Mimi shosti wako,
mwalimu wa la pili